Nianzie Wapi? Waimbaji wa Jazi, Kutoka Reli ya Kati

Mwezi uliopita binti mmoja aliyekuja ofisini kwetu hapa Dodoma kwa mafunzo ya vitendo aliniuliza swali ambalo nilidhani nina jibu lake mfukoni. "Kaka, nataka kuanza kusikiliza waimbaji wa jazi. Nianze na nani?" Alikuwa ameshapekua mtandaoni, ana orodha kwenye simu: Ella Fitzgerald, Billie Holiday, Sarah Vaughan, Nat King Cole. Nikamwambia orodha ni nzuri, aende nayo. Baadaye, tukinywa chai, akataja kwamba bibi yake ni wa Mvumi. Nikamuuliza kama anamfahamu Patrick Balisidya. Hapana. Afro 70? Hapana. Nikamwimbia kiitikio cha "Harusi", vibaya sana, akacheka: "Aah, huo! Si wa kwenye send-off?"

Basi ndiyo tukafika hapo. Mtu ana wimbo kichwani tangu utotoni, aliyeuimba ametoka kijiji kimoja na bibi yake, halafu hajui ni nani. Huku Billie Holiday anajua hadi alikufa mwaka gani. Simlaumu. Orodha za mtandaoni hazimtaji Balisidya, na sisi tunaoandika habari za muziki tumeandika kidogo sana. Kilichofuata ni orodha niliyomtengenezea, na maelezo ambayo sikuweza kuyamaliza kwenye chai.

Kwanza hao Wamarekani, maana sitaki kuonekana nawakwepa. Kwa mgeni kabisa ningesema aanze na santuri ya "Ella and Louis" ya mwaka 1956. Ella ana sauti safi kama maji ya kisima, Louis Armstrong anakwaruza kama mtu aliyeamka sasa hivi, na hakuna anayemkimbiza mwenzake. Akitoka hapo aende kwa Sarah Vaughan, ile aliyorekodi Desemba 1954 na mpiga tarumbeta Clifford Brown. Kwa Billie Holiday, tafadhali asianze na "Lady in Satin" ya 1958, ingawa kila mtu ataisifia. Ile ni sauti ya mtu aliyechoka, alifariki mwaka uliofuata, na ukianza nayo hutajua kilichopotea. Anza na rekodi zake za miaka ya 1930 akiwa na Teddy Wilson kwenye piano na Lester Young kwenye sakafoni. Baada ya hapo nenda mwisho, utaumia inavyostahili.

Sasa turudi nyumbani.

Neno jazi kwetu lilifika kabla ya muziki wenyewe. Dar es Salaam Jazz Band ilianza miaka ya 1930, Morogoro Jazz miaka ya 1940. Vijana wa mjini walikuwa wametoka kwenye beni, zile ngoma za kuiga gwaride na matarumbeta, wakataka kitu cha kisasa zaidi: klabu, suti, gitaa, dansi la wawili wawili. Hicho kitu kikaitwa jazi. Haikumaanisha kwamba walipiga kama Duke Ellington. Kilichowaingia zaidi masikioni kilikuwa Kuba, zile santuri za mfululizo wa GV zilizosambazwa Afrika kuanzia miaka ya 1930, ndiyo maana Morogoro kukawa na bendi inaitwa La Paloma na baadaye Cuban Marimba, mji ambao bahari haionekani hata ukipanda milima ya Uluguru.

Kuna marafiki zangu wajuaji wanaosema kwa hiyo ni kosa la jina tu, jazi ya Tanzania si jazi. Kwa upande wa mdundo wako sahihi, sibishani. Lakini jina likikaa miaka karibu mia moja juu ya mlango wa nyumba, wenye nyumba wana haki nalo. Na mimi nina sababu ya pili. Tumezoea kuusifia muziki wa dansi kwa ujumbe: wimbo huu unafundisha, ule unaonya, huu ulikosoa wazembe enzi za Ujamaa. Waimbaji tunawazungumzia kama walimu wa darasa la saba. Ni mara ngapi umesoma mtu akieleza sauti ya Hassani Bitchuka inafanya nini? Mashabiki wa jazi ya Marekani wanabishana kutwa nzima juu ya jinsi mwimbaji alivyochelewa nusu pigo. Hiyo tabia ya kusikiliza sauti kama ala ndiyo ningependa tuiazime, hata kama mdundo hatukuuazima.

Ukiangalia ramani, jazi yetu imefuata reli. Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tabora: njia ileile waliyotandaza Wajerumani kuelekea Kigoma, ikafika ziwani mwaka 1914. Morogoro walikuwa na Morogoro Jazz na Cuban Marimba. Dodoma ilikuwa na Central Jazz. Tabora kulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro na Tabora Jazz. Hata Western Jazz, iliyokuwa na makao Dar es Salaam, ilijiita hivyo kwa ajili ya watu wa jimbo la magharibi walioshuka na treni hiyo kutafuta kazi. Leo ukipanda SGR kutoka Dodoma, albamu tatu tu na umefika Dar. Zamani ungemaliza sanduku zima la santuri, na kuku juu yake.

Wa kwanza kwenye orodha yangu ni Salum Abdallah. Alizaliwa 1928, akaanzisha bendi Morogoro mwishoni mwa miaka ya 1940, akafa kwa ajali ya gari mwaka 1965, hajatimiza miaka arobaini. Kuna mkusanyiko unaitwa "Ngoma Iko Huku" wa kampuni ya Dizim, wenye nyimbo za kati ya 1955 na 1965, na kama utanunua kitu kimoja tu kwenye makala hii, nunua huo. Rekodi zenyewe ni nyembamba, zina mikwaruzo. Sikiliza anavyoimba na waitikiaji wake. Hapigi kelele hata kidogo. Anaimba kama mtu anayezungumza kwenye kibaraza na ana hakika mnamsikia, halafu sauti ya pili inaingia chini yake na wimbo unapata mabega. Wengi waliokuja baadaye walikuwa na sauti kubwa kuliko yake. Waliojiamini hivyo ni wachache.

Mbaraka Mwinshehe nitampita haraka kwa sababu anajulikana. Morogoro Jazz, safari ya Japani kwenye maonyesho ya Expo 70 kule Osaka, kisha bendi yake Super Volcano mwaka 1973, kisha ajali Mombasa Januari 1979. Baada ya kifo chake Polygram ya Kenya ilitoa mfululizo wa "Ukumbusho", na humo kuna karibu kila unachokihitaji. Watu wanamsifia gitaa. Mimi nakuomba siku moja usikilize "Shida" na kulisahau gitaa kabisa. Sauti yake iko juu, kavu kidogo, na haina haraka, na pale gitaa linapojibu utagundua ni mtu yuleyule anajijibu mwenyewe. Hilo Wamarekani wanalo kwa wapiga gitaa wao wa blues. Sisi tunalo kwa Mbaraka.

Balisidya ndiye nataka kukaa naye.

Patrick Balisidya alizaliwa Mvumi mwaka 1946. Mvumi, kwa asiyejua, ni kilomita chache kusini mashariki ya Dodoma mjini, mahali penye misheni ya Kianglikana ya zamani, hospitali na shule. Ukikulia pale, kabla hujaisikia redio umeshasikia mambo mawili: kwaya ya kanisani yenye sauti nne zilizopangwa, na ngoma za Kigogo ambazo nazo zina sauti nyingi lakini zimepangwa kwa kanuni nyingine kabisa. Sitadai kwamba naweza kuonyesha kwa kidole wapi Mvumi iko kwenye nyimbo zake. Ila ninaposikia Afro 70 zikiingia sauti za kuitikia, sisikii Kuba wala Kongo. Nasikia watu waliofundishwa kupokezana.

Alipitia Dar es Salaam Jazz mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha akaunda Afro 70, jina lenyewe linakuambia mwaka. Wakati bendi nyingi zilikuwa chini ya chama, jeshi, polisi au shirika la umma, yeye alitaka bendi yake. Alipiga gitaa, alipiga kinanda, alitunga, aliimba. Mwaka 1977 Afro 70 ilikwenda Lagos kuiwakilisha Tanzania kwenye tamasha kubwa la FESTAC. Mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini akafanya albamu na kundi la Sweden lililoitwa Archimedes Badkar, inaitwa "Bado Kidogo", na nashangaa ni Watanzania wachache kiasi gani wanajua kwamba ipo. Ni albamu isiyo sawasawa, kuna mahali Waswidi wanazurura tu. Lakini kuna mahali pia ambapo unamsikia mtu wa Mvumi akiwa na nafasi ya kupumua ambayo bendi ya baa, yenye wachezaji wanaotaka kuruka mpaka saa nane, haikuweza kumpa.

Kama mwimbaji, Balisidya hakuwa na sauti ya kuvunja glasi. Ningeiita sauti ya mtu mwenye adabu. Kwenye "Harusi" angeweza kushangilia, wimbo unaruhusu, na waimbaji wengi wa harusi siku hizi wanashangilia hadi spika zinalia. Yeye anaimba kama ndugu wa upande wa bwana harusi aliyepewa dakika mbili aseme neno. Nadhani ndiyo sababu wimbo haujachakaa: kila familia inaweza kuuvaa. "Dirishani" ni bora zaidi kwangu, ila najua nitapata wapinzani. Alifariki mwaka 2004.

Kama unataka kusikia sauti zikishindana kwa heshima, kuna Mlimani Park Orchestra, Sikinde, iliyoanza 1978. Muhiddin Maalim Gurumo alitoka Nuta Jazz, bendi ya jumuiya ya wafanyakazi aliyokuwa nayo tangu miaka ya 1960, akaenda Sikinde. Hapo kukawa na yeye, Bitchuka na Cosmas Chidumule. Wimbo wa dansi wa miaka ile una sehemu mbili: mwanzo wa taratibu ambapo kisa kinasimuliwa, na chemko, ambapo magitaa yanashika moto na sauti zinakuwa fupi. Mgeni husubiri chemko. Mimi nakushauri ukae na sehemu ya kwanza. Gurumo anaimba chini, kwa uzito wa mzee wa mtaa. Bitchuka anakaa juu, na ana namna ya kuinyoosha silabi ya mwisho hadi unaanza kuwa na wasiwasi kama itatua. Chidumule, ambaye baadaye alihamia muziki wa injili, ana sauti ya kubembeleza. Sikiliza "Neema" yake, halafu jaribu kufikiria wimbo huo na Gurumo. Hauwezekani. Mkusanyiko wa "Sikinde" wa Africassette unatosha kuanzia. Kwa Nuta na wenzao wa miaka ya 1960 kuna "Ujamaa", namba tatu kwenye mfululizo wa Zanzibara, na kwa kipindi cha 1978 hadi 1983 kuna namba tano ya mfululizo huohuo.

Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, naye lazima aingie: Safari Trippers kwanza, kisha Dar International. "Zuwena" ni wimbo wa kumpa mtu anayesema hapendi nyimbo za zamani. Marijani ana sauti ya mtu aliyeumizwa ambaye bado hajakasirika.

Umeshaona tatizo la orodha yangu? Binti aliliona kabla sijamaliza kuandika majina. Orodha yake ya Marekani ilikuwa na wanawake watatu kati ya wanne. Yangu haikuwa na hata mmoja.

Nilijaribu kujitetea. Nikamtajia Kida Waziri wa Vijana Jazz, aliyeimba na Hemedi Maneti miaka ya 1980, na "Wifi Zangu" ni wimbo ambao hauhitaji kubebwa na mtu. Nikamtajia kwamba Dar es Salaam miaka ya 1960 kulikuwa na bendi nzima ya wanawake, Women Jazz. Nikamtajia taarab, ambako Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, kabla ya bendi zetu nyingi za jazi kuzaliwa. Akanisikiliza kwa upole. "Lakini kwenye hizi bendi za reli, kaka, hakuna."

Ni kweli, karibu hakuna. Bendi ilikuwa kazi ya usiku, kwenye baa, kusafiri kwa malori na kulala popote, na mwanamke aliyefanya hivyo alipewa jina ambalo mwanaume hakupewa. Hiyo inaeleza mambo, haifuti hasara. Na hasara hiyo kwa Dodoma ni kubwa zaidi kuliko kwingine, kwa sababu huku kwetu uimbaji wa wanawake ulikuwepo na ulikuwa wa hali ya juu. Mtu yeyote aliyesimama karibu na muheme anajua. Wanawake wamebana ngoma kati ya magoti, wanapiga, wanaimba, na sauti zinapandana bila mtu kuonyesha kwa mkono. Watafiti wametoka mbali kuja kurekodi. Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake mwaka 1950, na Mhispania Polo Vallejo alitumia miaka mingi kuuchunguza muziki wa Wagogo, hasa kijijini Nzali. Sisi tuliokuwa jirani tulikuwa tunasubiri bendi kutoka Dar.

Kwa hiyo nikamwongezea jina ambalo si la jazi hata kwa kulivuta: Hukwe Zawose. Alizaliwa Doduma, jirani na hapa, mwaka 1938. Enzi za Nyerere alichukuliwa kwenda kundi la taifa, akaishia Bagamoyo alikofundisha chuo cha sanaa, na huko alifariki Desemba 2003. Albamu ya kuanzia ni "Chibite" ya 1996, akiwa na mpwa wake Charles Zawose. Yupo yeye, zeze, ilimba, na sauti inayotoka kifuani kabisa kisha bila onyo inaruka kichwani. Kusema kweli mara ya kwanza niliizima. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, niliona aibu, nikaona ni muziki wa kupokelea viongozi uwanja wa ndege. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba sauti anazochagua zinatoka ndani ya ala yenyewe: ukipiga uzi mmoja wa zeze, ndani yake kuna sauti nyingine ndogo za juu, na ngazi ya Kigogo imejengwa juu ya hizo. Ndiyo maana ukiiimba kwa kufuata piano inasikika kama imepinda. Piano ndiyo iliyopinda.

Binti zake na wajukuu walikuwa nyuma, waitikiaji, kwa miaka mingi. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose walitoa albamu yao "Maisha" kwa jina la The Zawose Queens. Zeze na ilimba sasa ziko mikononi mwao, na wao ndio wanaotangulia kuimba. Kuna mahali watayarishaji wameongeza vinanda vya umeme ambavyo ningeviondoa, lakini sauti hizo mbili zikishikana sina la kusema.

Kuna jambo moja nililiacha makusudi hadi hapa: Central Jazz. Nilipenda iwe juu ya orodha, kwa ubinafsi tu, Dodoma ianze na Dodoma. Sikuwa na cha kumpa asikilize. Bendi za zamani zilirekodi Radio Tanzania, zikalipwa kwa kusikika, na kanda zikabaki redioni. Waliotaka santuri walikwenda Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo nayo ikawa ngumu. Miaka michache nyuma nilifuatilia kanda za bendi za hapa kwa ajili ya makala. Ofisi moja, sitaitaja, ilinipeleka kwenye chumba chenye joto na maboksi. Kanda nyingi zilikuwa zimeandikwa juu yake mara ya pili, hotuba. Aliyenipokea hakuwa mtu mbaya. Aliniambia kanda zilikuwa adimu, na hotuba zilikuwa za lazima.

Mwaka 2013, Gurumo alipostaafu baada ya miaka hamsini na ushee ya kuimba, Diamond Platnumz alimpa gari. Picha zilisambaa, sote tukafurahi, na mimi niliandika habari fupi yenye maneno "kijana amkumbuka mzee". Sikuuliza zile nyimbo zinazopigwa redioni kila Jumapili zilikuwa zinamlipa nani. Gurumo alifariki Aprili 2014. Hiyo ni habari ninayotamani ningeiandika tofauti.

Binti alirudi baada ya wiki mbili na ripoti yake. Sarah Vaughan amempenda sana. Billie Holiday bado hajamwelewa. "Zuwena" ameirudia mara nyingi hadi mwenzake wa chumba amelalamika. Zawose hajafungua, anaogopa. Na "Dirishani" alimchezea bibi yake Mvumi kwa simu, kwenye spika, bibi akamwambia apunguze sauti ya hilo gitaa kwa sababu anataka kumsikia huyo kijana anasema nini.